Kaseti za Makambi

Mwili wa Bochaberi ulikuwa mochari ya Homa Bay, na baraza la kuamua azikwe wapi lilikuwa limepangwa Alhamisi. Jumatatu asubuhi binti yake, Scovia, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya msingi mjini Migori, alipanda ngazi za studio ya Omanga pale Homa Bay akiwa na disketi moja ndani ya mkoba. Disketi ilikuwa imefungwa kwa leso, leso ikatiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ukakazwa kwa uzi. Aliyeifunga hivyo ni mama yake. Tangu mwaka wa 1996 ilikuwa imekaa chini kabisa ya sanduku la bati, mahali ambapo wengine huweka hati ya shamba.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Bochaberi, Mkisii na Msabato, aliolewa na Gisiri, Mkuria mfanyabiashara wa Isebania. Waliishi pamoja miaka mingi kabla mahari kutolewa, jambo ambalo si geni, na katika miaka hiyo Gisiri na kaka yake Wangwe walikwenda mara kwa mara kwa Monari, kaka wa Bochaberi, aliyekuwa na shamba karibu na Rodi Kopany, kuomba wavumiliwe. Kila mara walirudi na njaa. Nyumbani kwa Monari, kama ilivyokuwa kwa baba yake, upande wa mume hauli chakula hadi ng'ombe wapokewe. Maji watapewa, kiti watapewa, lakini sinia haitaletwa. Gisiri aligeuza jambo hilo kuwa kichekesho cha nyumbani. Aliwasimulia watoto jinsi yeye na Wangwe, watu wazima wenye makoti, walivyokuwa wakinunua ndizi sokoni Rodi Kopany na kuzila nyuma ya ghala ili wakwe wasiwaone.

Hatimaye Gisiri alipata ng'ombe. Hakuwaswaga kutoka Isebania; aliwanunua pale pale Rodi Kopany, wakatembea mwendo mfupi hadi kwa Monari. Kwa furaha akamwita Omanga aje na kamera. Scovia hakuwepo, alikuwa katika chuo cha ualimu akifanya mitihani. Wiki chache baadaye, kabla filamu haijatengenezwa, Gisiri alianguka dukani kwake na hakuamka.

Sasa Bochaberi naye amekufa, na Wangwe, ambaye ndiye mkubwa wa boma, amesema ng'ombe hao yeye hawajui, na mwanamke asiyetolewa mahari hazikwi kwa mume. Hawakutoka katika zizi lao, na hakuna mtu wa Isebania aliyewaona. Wazee wawili walioandamana na Gisiri siku hiyo, mmoja yuko kaburini na mwingine alihamia upande wa Tanzania na hajulikani alipo. Monari aliapa kwamba ng'ombe aliwapokea. Wangwe akamjibu mbele ya watu kwamba Monari angeapa chochote ilmradi kaburi la dada yake lisichimbwe shambani mwake.

Kila mtu alijua kilichokuwa nyuma ya maneno hayo. Nyumba ya Bochaberi ilikuwa kando ya barabara ya mpakani, pale malori yanapopanga foleni, na mtoto hawezi kuondolewa penye kaburi la mama yake. Akizikwa hapo, ardhi imekwisha kugawanywa. Bochaberi asipozikwa hapo, hana pa kwenda. Wazee wa upande wa Monari walikuwa wamekwisha kusema kwamba mwanamke aliyetolewa ng'ombe hazikwi kwao. Palikuwa pamebaki makaburi ya baraza la mji, nyuma ya machinjio, wanapozikwa watu ambao hakuna aliyekuja kuwaulizia.

"Wanasema kuna picha," Wangwe alikuwa amesema matangani. "Basi ileteni. Picha ikionyesha kwamba nilikuwa huko ng'ombe wakipokewa, kaburi nitalichimba mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

Ndiyo maana Scovia aliiweka disketi mezani kwa Omanga kwa uangalifu, kana kwamba ingemwagika.

Omanga alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani, aliyesomea umeme Nairobi na kurudi na kompyuta ambayo aliifunika kwa kitambaa kila asipoitumia. Scovia alimweleza habari yote. Scovia alipomaliza, Omanga alisema pole, kisha akauliza swali ambalo Scovia hakulitarajia.

"Kaseti ziko wapi, dada?"

"Kaseti gani? Si filamu iko humu?"

"Humu hamna filamu."

Aliiingiza disketi, akaifungua kazi, na kwa muda Scovia aliamini kwamba mtu huyu amekosea, kwa sababu jina la baba yake lilitokea kwenye kioo. Chini yake palikuwa na vipande vingi vilivyopangwa kimoja baada ya kingine kama matofali, kila kimoja na jina lake: wageni wanaingia, sala, Monari anasalimu, ng'ombe wanaingia zizini. Kimoja kiliandikwa, Wangwe anakabidhi kamba ya ng'ombe. Scovia alikigusa kioo kwa kidole.

"Hicho," alisema. "Nataka hicho tu. Kitoe kwenye kaseti ya kawaida, kichezeke kwa deki."

Omanga alikibonyeza. Kompyuta ikauliza picha iko wapi. Akabonyeza kingine, ikauliza vilevile.

Alimweleza polepole, na kwa kuwa alijua ni mwalimu, alichukua mfano wa shule. Disketi hii, alisema, ni ratiba. Ratiba inasema kwamba saa fulani Scovia atafundisha hesabu darasa la sita. Ukiipoteza shule nzima ukabaki na ratiba, huna Scovia, huna darasa, huna hesabu. Una karatasi inayokwambia ni nani angekuwa wapi. Picha zenyewe zilikuwa kwenye kaseti mbili. Kutoka huko aliziingiza kwenye kompyuta, akazikata na kuzipanga. Lakini diski ya kompyuta hii ilibeba kazi moja kwa wakati mmoja. Gisiri alipokufa, alisubiri, hakuna aliyekuja, na wateja wengine wakawa wanangoja. Akazifuta picha ili apate nafasi. Alihifadhi ule mpango wa vipande tu kwenye disketi, akampelekea mjane disketi na kaseti zake, kwani kwa desturi ya studio hiyo mteja ndiye anayenunua kaseti na zikiisha kazi zinarudi kwake.

"Nilimwambia aviweke pamoja," Omanga alisema. "Nilimwambia kaseti zikiwepo, filamu naitoa siku yoyote."

Huenda alimwambia. Aliyeambiwa hakuwepo tena wa kuulizwa. Scovia aliona waziwazi kilichotokea, na kilikuwa na akili yake. Mama yake alikuwa amepewa vitu viwili. Kaseti alizijua tangu zamani. Zilijaa kila duka. Disketi hakuwahi kuiona, ilikuwa ndogo, nyepesi, na ilitoka kwenye mashine ya mtu aliyesoma. Kati ya hivyo viwili alikitunza kile ambacho hakukielewa.

"Hebu itoe hivyo hivyo," Scovia alisema. "Nione kitakachotoka."

Omanga alijaribu kumkataza, kisha akafanya. Kila kompyuta ilipouliza picha, aliiruhusu iendelee bila picha. Mwishowe alirekodi kilichokuwepo na kukicheza kwenye televisheni iliyokuwa pembeni. Kilichoonekana kilikuwa giza. Juu ya giza, kwa herufi za njano, majina yalikuja na kuondoka, maana majina aliyaandika ndani ya ule mpango wenyewe na hayakuhitaji kaseti. Bwana Gisiri. Bi. Bochaberi. Bwana Monari, kaka wa bibi. Bwana Wangwe, kaka wa bwana. Kila jina lilikaa kidogo, likafifia, na giza likaendelea bila sauti.

"Jina lake lipo," Scovia alisema.

"Jina naweza kuliandika leo. Wangwe atasema hivyo, na atakuwa na haki."

Jumanne Scovia alikuwa Migori, nyuma ya kanisa la Wasabato, katika stoo yenye harufu ya mafuta ya taa. Wazo la kwenda huko lilimjia akiwa ameketi studio: miaka miwili iliyopita mama yake alimwambia, kwa furaha ya mtu aliyetoa sadaka nzuri, kwamba alilisaidia kanisa lirekodi makambi, ile mikutano mikubwa ya kila mwaka. Scovia hakuuliza alisaidia kwa kitu gani. Alidhani ni chakula.

Rael, shemasi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, alifungua kabati lenye vyombo vya meza ya Bwana na kutoa kaseti moja baada ya nyingine huku akimsifu marehemu. Alisema Bochaberi hakusubiri kuombwa. Mhubiri alitoka mbali, kamera iliazimwa, kaseti hakuna, wazee wa kanisa wanaangaliana, naye akasimama katikati ya watu na mfuko mkononi.

"Akatuambia hizi zimeshaingia kwenye kompyuta, zimebaki maganda. Afadhali zikae neno la Mungu kuliko kukaa vumbi."

Scovia aliomba aonyeshwe. Kwenye ubavu wa kaseti mbili palikuwa pamebandikwa karatasi iliyoandikwa Makambi, na pembeni ya karatasi hiyo ya juu ilionekana karatasi nyingine ya zamani. Aliikwangua kwa ukucha. Gisiri 1. Gisiri 2. Mwandiko ulikuwa wa Omanga.

Alikaa juu ya gunia la magunzi. Rael aliacha kusifu.

"Mama, kaseti hizi zilirekodiwa mpaka mwisho?"

"Sijui, mwanangu. Ile ya kwanza ni nyimbo na watoto na mafundisho ya afya, nadhani ilijaa. Ya pili ni mahubiri ya Sabato kuu." Rael alifikiri. "Yule mhubiri hakuwa mtu wa kumaliza haraka."

Scovia, aliyelelewa katika viti vya kanisa hilo, hakuwahi kumwombea mhubiri yeyote awe mvivu. Alimwombea huyu, akijua kwamba anaomba jambo lililokwisha kutokea miaka miwili iliyopita na ambalo sala haiwezi kuligeuza. Rael alimpa kaseti na kumsihi azirudishe. Kulikuwa na somo zuri la Danieli humo, alisema, na watu bado wanaliomba.

Jumatano alasiri kaseti ya kwanza ilichezwa studio Homa Bay. Omanga aliipeleka mbele kwa kasi, akisimama hapa na pale. Watoto wenye tai waliimba. Mwanamke alifundisha kuhusu maziwa ya soya. Watoto wakaimba tena. Kanda ilifika mwisho na kukata katikati ya ubeti, na hakukuwa na ng'ombe hata mmoja.

Kabla ya kuingiza ya pili, Omanga aliufungua tena ule mpango kwenye kompyuta. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kila kipande alikiandikia kimetoka kaseti ipi na karibu na dakika ya ngapi. Kipande cha kamba kilitoka kaseti ya pili, muda mfupi baada ya saa ya kwanza. Kwa hiyo swali lilikuwa moja, na lilipimika: mhubiri alimaliza kabla ya hapo, au baada?

Walikaa mbele ya televisheni. Mhubiri alikuwa kijana, mwenye koti la kijivu, mwenye kipawa. Alisoma kuhusu sanamu yenye miguu ya udongo. Omanga alipeleka mbele. Alisoma kuhusu tanuru ya moto. Omanga alipeleka mbele. Kihesabio cha deki kilikaribia mahali penyewe na Omanga akaiacha kanda iende kwa mwendo wake wa kawaida. Mhubiri alinyanyua kidole, akanyamaza ili watu wangoje, kisha akaendelea. Akapita pale. Pale ambapo Wangwe alisimama ameshika kamba, palikuwa na kidole cha mtu wa Mungu, na mtu huyo hakuonyesha dalili ya kuchoka.

"Haiko chini yake?" Scovia aliuliza. "Hakuna mashine ya kutoa picha ya juu ukabaki na ya chini?"

"Hakuna ya juu na ya chini. Mpya ikiingia, ya zamani haipo."

Alisema hivyo kama anavyosema daktari ambaye amekwisha kusema maneno hayo hapo awali. Hakuizima kanda. Scovia aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Aliposema tena, alisema kwa sauti ndogo sana.

"Una kaseti za harusi za wateja hapa, zinazongoja kutengenezwa. Una watu wanaokabidhi kamba. Kompyuta yako inakata na kuunganisha, nimeona. Tafuta mtu mrefu, aonekane mgongo tu. Weka jina la Wangwe kwa yale maandishi ya njano. Ng'ombe ni ng'ombe."

Omanga alivua miwani.

"Naweza," alisema. "Sitafanya."

"Kesho ni baraza. Usipofanya watampeleka nyuma ya machinjio."

"Nimesikia."

"Wewe unajua walitoa. Ulikuwepo. Uliona kwa macho yako. Hii si uongo, ni kurudisha tu kilichofutika."

"Wangwe naye alikuwepo. Ataangalia mgongo ule na atajua si wake. Hapo hata yale ya kweli uliyo nayo hayatasikilizwa tena. Na mimi nikisimama kusema niliona, nitakuwa mtu aliyetengeneza mgongo."

"Basi simama useme uliona."

"Nitasema. Watauliza nani alinilipa siku ile, nitasema Gisiri. Itakuwa imeishia hapo."

Scovia alikaa chini. Hakulia, alianza kupanga kichwani ni nani angemwomba gari la kubebea jeneza hadi makaburi ya mji, na kama mchungaji angekubali kwenda mahali pale. Kwenye televisheni watu walikuwa wamesimama kwa sala ya kufunga. Amina ilisikika, mtu akasogea mbele ya kamera, picha ikaruka, ikajaa chenga. Omanga alinyoosha mkono kuzima.

Chenga zikaondoka. Palikuwa na ua wa Monari uliofagiliwa, jua kali, na mwanamke aliyekuwa akitoka jikoni amebeba sinia kwa mikono miwili. Aliiona kamera, akageuza uso, akacheka, akajikinga kwa sinia kadiri ilivyowezekana bila kumwaga. Alikuwa Bochaberi.

Mkono wa Omanga ulirudi nyuma. Bochaberi alipita, na kamera ikamfuata hadi chini ya turubai ambako wanaume walikuwa wameketi wakila. Gisiri alikuwa na kola iliyofunguliwa. Pembeni yake, kwenye sinia moja na Monari, Wangwe alikuwa anakata ugali, anauviringisha, anauchovya, anatafuna. Aliliokota fupa, akalinyonya, akaliangalia kama bado lina kitu. Kisha akainua kichwa kumtafuta mtu, na sauti yake ikasikika wazi kuliko zote.

"Shemeji," alisema, "mchuzi."

Picha iliendelea kidogo, watu wakala, mtu akanawa mikono, na kanda ikafika mwisho.

"Haya hayamo kwenye mpango," Omanga alisema baada ya kuangalia kompyuta. "Niliyaacha nje yote. Watu hawapendi kujiona wakitafuna." Alionekana kusikitika kwa ajili yake. "Angalau umemwona mama."

Lakini Scovia alikuwa anafikiria ndizi za Rodi Kopany. Aliziona jinsi baba yake alivyokuwa akiziigiza, akimenya haraka, akitazama kushoto na kulia, huku Wangwe akimwambia ale upesi. Alimwomba Omanga arudishe nyuma. Alitazama tena, safari hii hakumtazama mama yake. Kisha akamweleza Omanga kuhusu sinia ambayo haikuwa ikiletwa.

Omanga alisikiliza hadi mwisho, akakaa, akakagua hoja hiyo kama anavyokagua waya.

"Na yeye atakubali kwamba desturi iko hivyo?"

"Hilo ndilo sijui."

"Basi aulizwe kabla hajaona picha," Omanga alisema. "Baada ya kuona atakuwa na majibu mengi."

Alirekodi nakala ya kipande hicho kwenye kaseti mpya. Kisha akaichukua ile ya zamani, akatia bisibisi kwenye kona yake na kukivunja kijino cha plastiki, ili asiwepo tena mtu wa kurekodi juu yake, hata kwa nia njema.

Alhamisi Omanga alifunga studio na kuja Isebania na deki, televisheni na jenereta nyuma ya pikapu ya shemeji yake. Baraza lilikuwa uani kwa Wangwe. Aliyeliongoza ni mzee Maroa, mtu asiyependa kelele, aliyekuwa ameamua mashauri ya mipaka ya mashamba tangu Scovia akiwa mtoto. Monari alikuja na kukaa mbali kidogo, kama mkwe. Wangwe alikuwa kwenye kiti chenye mito, na alipoona televisheni inashushwa alitikisa kichwa kwa huruma.

"Tumeletewa sinema," alisema. "Mtoto wa Gisiri, ungeleta na soda."

Watu walicheka. Scovia alingoja wamalize. Alimwomba mzee Maroa, kwa kuwa yeye ni binti na si mahali pake kumhoji baba yake mkubwa, amwulizie jambo moja dogo. Je, baba mkubwa amewahi kula chakula nyumbani kwa Monari?

Maroa akaligeuza swali kwa Wangwe.

"Mimi?" Wangwe alisema. Aliona njia imefunguka mbele yake na akaingia kwa raha. "Kwa Monari mimi nimekunywa maji. Maji tu, mara zote. Mimi na marehemu ndugu yangu tulikuwa tunarudi tukila ndizi kama tumbili, muulizeni huyo Monari. Nile kwa watu ambao hawajapokea ng'ombe? Kwani mimi sikulelewa? Na wao wangenipa? Hao Wakisii ni wakali kwa sinia zao. Ukiona mtu wa kwetu amekula pale, ujue ng'ombe wako zizini."

Walicheka tena, wengine wakaitikia kwamba ndivyo ilivyo. Maroa alimuuliza Monari kama maelezo hayo ni sawa. Monari alisema ni sawa kabisa. Maroa akauliza wazee wengine, mmoja mmoja, nao wakasema ni sawa. Hapo ndipo alipomwambia Omanga awashe.

Jenereta ilikataa mara mbili. Katika muda huo Scovia alikuwa na hakika kwamba haitawaka, kwamba jioni itafika, kwamba Wangwe atapata nafasi ya kukumbuka. Ikawaka. Bochaberi alitoka jikoni na sinia, na mwanamke mmoja kati ya waliokuwa wameketi chini akaanza kulia kwa sauti, akanyamazishwa. Kisha turubai, kola ya Gisiri, sinia ya Monari. Wangwe alijiona. Alijiona akinyonya fupa.

"Shemeji," sauti yake ilisema kutoka kwenye televisheni, "mchuzi."

Bibi mmoja mzee alicheka, peke yake, kicheko kifupi, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Hiyo ni siku nyingine," Wangwe alisema.

"Siku gani?" Maroa aliuliza.

Wangwe aliwatazama wazee waliokuwa wameitikia maneno yake.

"Chagua siku yoyote unayotaka," Maroa alisema bila ukali. "Sisi tunaikubali. Lakini umetuambia wewe mwenyewe, sasa hivi, kwamba ukila pale ng'ombe wako zizini. Hatukuambiwa na Monari." Alimgeukia Omanga. "Rudisha pale anapoomba mchuzi."

Omanga alirudisha. Watu wote wa boma lile walimsikia Wangwe akiomba mchuzi kwa mara ya pili, na safari hii yeye mwenyewe alikuwa ameangalia chini.

Hakukuwa na mjadala mrefu. Maroa alisema mke wa Gisiri atalala kando ya Gisiri, penye nyumba yake. Kisha akakaa kimya, na wengine wote wakakaa kimya, mpaka ikaeleweka kwamba bado kuna jambo linalongojwa. Wangwe aliinuka kutoka kwenye mito. Mmoja wa wanawe alishika jembe, naye akamnyang'anya.

"Nilisema kwa mikono yangu," alisema, pasipo kumwangalia mtu.

Udongo wa kando ya barabara ni mgumu wakati wa kiangazi, na yeye hakuwa kijana. Watu walimwacha achimbe hadi magotini kabla ya vijana kuingia na kumpokea jembe. Alitoka amelowa jasho, akaketi juu ya udongo aliouchimba.

Scovia hakukaa kutazama. Mochari ingefungwa jioni na pikapu ilikuwa tayari inageuzwa. Omanga alipakia televisheni, akaja dirishani na kaseti mbili mkononi, ile mpya na ile yenye karatasi ya Makambi, akamuuliza ni ipi anayotaka kukaa nayo.

Alichukua ile mpya. Ya zamani aliomba iachwe Migori wakipita, kwa Rael, kama ilivyokuwa, pamoja na ile ya nyimbo.

"Na disketi?"

Scovia aliitoa kwenye mkoba. Alikuwa ameifunga tena asubuhi ile, leso, mfuko na uzi, kama alivyoikuta. Aliishika kidogo, kisha akairudisha ndani ya mkoba.

"Twende," alisema. "Mama anangoja."